Saa ya Bwana Lampinen

Bango nililiandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito,
nikalibandika juu ya ndoano za makoti:
Asiyefika, na hakutoa taarifa siku moja kabla,
atalipa yuro thelathini na tano.
Niliandika mara tatu.
La kwanza lilikuwa na "tafadhali" mbili, nikalichana.
La pili lilikuwa na "samahani".
La tatu halikuwa na haya.

Miaka kumi na mmoja kabla ya bango
niliitunza miguu ya mji huu wa Turku, nikanyamaza.
Bibi Hellevi alisahau kwa sababu ya paka.
Kijana wa kiwanda cha meli alipitiwa na usingizi wa zamu.
Mwalimu Rauha hakuwahi kutoa sababu:
alikuja tu wiki iliyofuata, akavua soksi,
kana kwamba Jumanne haikuwahi kuwepo.
Maji yalipoa kwenye beseni,
nami nikiyamwaga nahesabu:
umeme, kodi ya chumba, taulo, bima,
na mtoto ambaye kila vuli viatu vinambana.
Ahadi ni deni, sawa,
lakini deni lisiloandikwa hulipwa na anayesubiri.

Wa kwanza kuangukiwa alikuwa Bwana Veikko Lampinen,
dereva mstaafu wa greda la theluji,
vidole viwili vya mguu wa kushoto vililiwa na baridi
kabla mimi sijazaliwa.
Alhamisi, saa nne asubuhi, hakuja.
Saa nne na nusu nikapiga simu. Ikalia, ikalia.
Jioni nikaandika ankara
kwa mkono wa mtu anayempokonya mtoto kijiko.

Akalipa kesho yake. Neno hakusema.
Jumatatu akaja mwenyewe, kofia mkononi,
theluji ikimyeyukia mabegani,
buti zake hazikuvuka zulia.
"Ile saa nimeilipia?"
Umeilipia.
"Basi ni yangu."
Ni yako.
"Niambie uliifanya nini."

Ningeweza kusema nilinoa mikasi.
Ningeweza kusema nilipanga mafaili.
Lakini mtu akishalipa, mpe mali yake.

Robo ya kwanza, nikamwambia, niliitumia kukukasirikia.
"Hiyo imekwenda bure," akasema. "Endelea."
Kisha nikala peasi, kubwa, limeiva hadi linachuruzika,
nikaliinamia kwenye sinki.
Nikamtazama mtu wa manispaa
akikwangua barafu kwenye ngazi za maktaba,
akapumzika, akavuta pumzi, akakwangua tena.
Kisha nikakaa kwenye kiti chako,
nikavua viatu, nikaitazama miguu yangu.
Sikuwa nimeitazama tangu kiangazi.
Kisigino kilikuwa na ufa wa kuingia sarafu.
Nikakipaka mafuta yale unayoyapenda, ya msonobari.
Nikalala dakika saba.

Alisikiliza kama anayehesabiwa chenji.
"Saba tu?"
Saba.
"Kwa yuro thelathini na tano ungelala zaidi."

Alhamisi ile alikuwa wapi, sijui.
Sikuuliza; bei haikujumuisha sababu.
Akavua buti, akakaa, akanyoosha mguu wa vidole vitatu,
nikaanza kazi, na redio ikasoma habari za upepo.

Mwezi Novemba bahasha iliingizwa chini ya mlango.
Ndani noti tatu za kumi, moja ya tano, na mwandiko wa penseli:
Alhamisi sitakuja. Lala.

Ilikuwa Jumatatu.
Siku tatu kabla: kwa bango langu mwenyewe
hakuwa anadaiwa hata senti.
Nilipaswa kumrudishia, na nitamrudishia.
Bahasha iko kwenye droo, chini ya mikasi.
Alhamisi sikumpa mtu mwingine ile saa nne.
Nilifunga pazia.
Peasi nililinunua kwa hela yangu.